Blaise Diagne Alimsemea Nani?

Imekuwa desturi katika vitabu vya shule na katika hotuba za wakuu kumsifu kila Mwafrika aliyekuwa wa kwanza: wa kwanza kuvaa joho la wakili, wa kwanza kuketi katika baraza la Wazungu, wa kwanza kuitwa Bwana Waziri. Nasi hatuikatai heshima hiyo. Mtu apitaye mlango uliofungwa miaka mingi astahili kushangiliwa. Walakini kumshangilia mtu mlangoni ni jambo jepesi. Lililo zito ni kuuliza, alipokwisha kuingia ndani, alisema nini, alisema kwa ajili ya nani, na gharama ya maneno yake ililipwa na nani. Maswali hayo twataka kumwuliza Blaise Diagne, aliyekuwa meya wa Dakar, na mjumbe wa Senegal katika Bunge la Ufaransa tangu mwaka 1914 hata kufa kwake mwaka 1934. Jina lake limeandikwa juu ya uwanja mkubwa wa ndege wa nchi ile, uliofunguliwa mwezi wa Desemba 2017, na wengi humtaja kuwa ndiye sauti ya Afrika siku zile ambazo Afrika haikuwa na sauti. Hapo ndipo sisi twasimama na kukataa.

Yamkini msomaji atanena, Senegal iko mwisho wa Afrika upande wa machweo, nasi tuko upande wa macheo, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwenye kukaa Dar es Salaam hupita Kariakoo kila siku, na mwenye kukaa Nairobi hupita Kariokor, wala hakumbuki kwamba majina hayo ni masalio ya jeshi la wapagazi, watu waliochukuliwa vijijini katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ili wabebe masanduku ya risasi na magunia ya unga, na wengi mno hawakurudi. Habari ya Diagne ni habari ya kuchukuliwa kwa namna ileile, ila huku kwetu aliyewaita watu alikuwa Mzungu pamoja na akida wake, na kule aliyewaita alikuwa mtu mweusi kama wao, aliyechaguliwa kwa kura.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1872 katika kisiwa cha Gorée, mkabala wa Dakar, kisiwa ambacho zamani watumwa walipakiwa merikebuni. Baba yake alikuwa Mserer, mpishi kwa kazi yake, na mama yake asili yake ni Guinea ya Wareno. Wazazi hawa hawakuwa na kitu. Akatwaliwa na jamaa ya Crespin, Wakristo machotara wenye cheo, wakambatiza, wakampeleka kwa Mabruda wafundishao shule kisiwani, na kwa kuwa alikuwa na akili nyingi akapelekwa Ufaransa kusoma. Kisha akaingia kazi ya forodha, akatumwa huku na huku kwa miaka zaidi ya ishirini: Dahomey, ambayo leo ni Benin, Kongo ya Wafaransa, Réunion, Madagaska ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Bukini, hata Guyana ng’ambo ya Atlantiki. Kila alipokwenda aligombana na wakubwa wake, maana hakuvumilia kudharauliwa. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kumwita mwoga, wala mwenye kujipendekeza. Twataka msomaji ayakumbuke hayo, asije akadhani twamwandikia mtu duni.

Sasa yafaa tueleze jambo moja ambalo bila ya hilo habari yote haifahamiki. Katika Senegal palikuwa na miji minne, Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar, na miji hii ilikuwa na haki zisizopatikana mahali pengine katika nchi zote za Wafaransa za Afrika Magharibi. Wenyeji wake walichagua madiwani na meya, nao tangu 1848, ingawa kwa miaka kadhaa haki hiyo iliondolewa, walipeleka mjumbe mmoja katika Bunge la Paris. Nje ya miji hiyo, hatua chache tu ukishapita mpaka wake, mtu hakuwa raia bali mtawaliwa. Kamanda wa wilaya aliweza kumtia kifungoni bila ya hakimu, kwa kosa la kutosalimu, au la kuchelewa kulipa kodi, au la kusema neno lisilopendeza. Alipaswa kutoa siku za kazi bila ujira kila mwaka kwa ajili ya barabara. Hakuwa na kura, wala mjumbe, wala mahali pa kupeleka shauri lake. Wenye kura wa miji minne walikuwa elfu chache. Watawaliwa wa Afrika Magharibi ya Wafaransa walikuwa zaidi ya milioni kumi.

Hadi mwaka 1914 ujumbe ule wa Paris ulikuwa mali ya Wazungu na machotara. Watu weusi walipiga kura, lakini walimpigia mwingine. Tena katika miaka ile Serikali ilikuwa imeanza kuwafuta katika daftari ya wenye kura, mmoja mmoja, na mahakama zikasema kwamba kupiga kura si sawa na kuwa raia. Ndipo Diagne aliporudi kutoka ugenini akasimama akautaka ujumbe. Wafanya biashara wakamcheka. Tarehe 10 Mei 1914, katika duru ya pili, akawashinda kwa kura zisizo nyingi, na wapinzani wake wakaona ajabu kuu. Hakuna Mwafrika mweusi aliyepata kuketi katika Bunge lile kwa kura za nchi ya Afrika kabla yake.

Alipofika, alifanya upesi lile aliloahidi. Kwa sheria ya tarehe 19 Oktoba 1915 watu wa miji minne walikubaliwa kuingia jeshi lenyewe la Ufaransa, si majeshi ya koloni yenye mshahara mdogo na chakula kibaya. Na kwa sheria ya tarehe 29 Septemba 1916 wakathibitishwa kuwa raia, wao na watoto wao, pasipo kuacha dini yao ya Kiislamu wala desturi zao za ndoa na urithi. Jambo hili la mwisho ni kubwa. Wengine wote walioomba uraia waliambiwa kwanza wajivue walivyo, ndipo wavikwe. Mtume Paulo alijitetea kwa uraia wake wa Kirumi mbele ya jemadari, naye hakuacha kuwa Mwebrania. Watu wa Dakar walipata vivyo hivyo. Kama Diagne angaliishia hapo, sisi tungaliandika makala ya sifa tupu.

Walakini tazameni bei. Sheria zote mbili zilihusu utumishi wa askari. Diagne aliwaambia Wafaransa, tupeni wajibu wa damu nasi mtupe haki. Kwa watu wake mwenyewe hesabu hii ilikuwa halali: aliyetoa mwili wake ndiye aliyepata uraia. Lakini mwenye kujifunza biashara hiyo hataki kuiacha, na bidhaa yake mwenyewe ikiisha huitafuta kwa jirani.

Mwezi wa Aprili 1917 majemadari wa Ufaransa waliwapeleka askari weusi kushambulia vilima vya Chemin des Dames, katika baridi na theluji, mikono yao imekufa ganzi hata hawawezi kuishika bunduki. Walianguka kwa maelfu. Mwezi wa Juni Diagne alisimama katika kikao cha siri cha Bunge akawashitaki wakubwa wa vita, na Jenerali Mangin zaidi ya wote, kwamba wamewatupa watu hawa machinjoni. Alisema kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Basi mtu huyu alijua. Hakuwa kama mzee wa kijiji aliyedanganywa kwa kofia nyekundu na ngoma. Aliijua idadi ya wafu, na namna walivyokufa.

Haijapita miezi saba. Mwezi wa Januari 1918 Waziri Mkuu Clemenceau alimwita, akamfanya Kamishna wa Jamhuri, mwenye daraja sawa na ya Gavana Mkuu, ili aende Afrika kutafuta askari wengine. Diagne akakubali.

Yafaa tuseme nchi ilikuwa katika hali gani. Katika miaka ya 1915 na 1916 vijiji vya pande za mto Volta na mto Bani, ambako leo ni Burkina Faso na Mali, viliasi kwa sababu ya kutozwa vijana. Serikali ilileta mizinga, ikabomoa kuta za udongo, ikachoma ghala za mtama. Watu wengine walihamia nchi za Waingereza kwa vijiji vizima, wakavuka mipaka usiku pamoja na mbuzi wao. Gavana Mkuu Joost van Vollenhoven aliandika Paris kwamba nchi imekwisha kukamuliwa na watu wasitolewe tena. Alipoona neno lake halikusikiwa, na kwamba ataletewa mtu wa kushiriki naye mamlaka, akajiuzulu, akarudi jeshini mwenyewe, akauawa vitani mwezi wa Julai mwaka uleule. Hatusemi alifanya yote kwa huruma. Kiburi cha cheo nacho kilikuwamo. Lakini itazameni picha hii, wasomaji wapenzi: Mzungu asema watu wasitolewe, na mjumbe Mwafrika asema watatolewa.

Nao walitolewa. Diagne alisafiri kwa fahari, amefuatana na maofisa weusi wenye nishani vifuani, na mizinga ikampigia saluti. Kamanda wa wilaya aliyezoea kusalimiwa na watu weusi sasa alimsalimu mtu mweusi, na vijana waliona wakatetemeka kwa furaha. Alichukua ahadi nyingi mkononi: nishani, kazi za Serikali kwa watakaorudi, kuondolewa kodi na zile adhabu za kamanda, na shule ya utabibu mjini Dakar. Katika Afrika Magharibi alitakiwa kupata watu elfu arobaini au zaidi kidogo. Akapata kama 63,000, na wengine kama 14,000 katika nchi za Kongo na Chad. Paris ikashangilia. Kwa bahati njema vita vilikwisha mwezi wa Novemba, na wengi katika hao hawakufika mstari wa mbele. Lakini mlango ulikwisha kufunguliwa. Mwaka 1919 Serikali ilitia amri kwamba watawaliwa wa Afrika Magharibi watatoa vijana wao kila mwaka, hata wakati wa amani. Na uraia ulioahidiwa kwa vinywa vingi ulikuwa wa wachache tu waliopata nishani kubwa, tena waombe kwa hati.

Hapa watetezi wake huleta jibu lao, nasi tutalipima kwa haki. Wasema, angalifanya nini? Askari wangalichukuliwa vivyo hivyo, kwa kamba na kiboko. Yeye aliwaletea angalau heshima, na kitu mkononi. Ni kweli kwamba kamba zilipungua safari ile. Lakini wachifu hawakumtoa mwana wao wa kwanza. Walitoa watoto wa maskini na watoto wa watumwa wao wa zamani, kama walivyofanya kabla yake. Mwenye kuhesabu heshima ahesabu pia ni nani aliyeipata.

Wengine, ambao ni adui zake, husema alihongwa. Mwaka 1924 gazeti la Les Continents mjini Paris, la Kojo Tovalou Houénou na René Maran, waandishi weusi wenye sifa, liliandika kwamba alilipwa fedha kwa kila kichwa cha askari. Diagne akalishitaki, gazeti likashindwa mahakamani, likafa. Sisi hatulirudii neno lile. Tena twaona shtaka lile lilikuwa dogo mno. Mtu aliyehongwa aweza kutubu, na jirani zake wakasema, ni njaa ya fedha. Diagne hakununuliwa. Aliamini. Aliamini kwamba Ufaransa ni mama, kwamba mtu mweusi atakuwa mtu kamili siku ile atakapokuwa Mfaransa, na kwamba damu ya watu wa vijijini, ambao hawakuulizwa, ni malipo yanayofaa kwa ajili ya siku hiyo.

Twamfananisha na Yusufu katika Misri. Walimu wa Jumapili hupenda kusimulia kanzu na kisima na gereza, wakaishia pale ndugu wanapokumbatiana. Lakini yasomeni ya mbele, katika sura ya arobaini na saba ya Kitabu cha Mwanzo. Ndugu za Yusufu walipewa nchi ya Gosheni, iliyo njema kuliko zote, wakala wakashiba. Na Wamisri je? Walileta fedha yao kwa Yusufu. Ilipokwisha wakaleta ng’ombe. Walipokwisha wakaleta mashamba na miili yao, naye akawanunua wote kwa ajili ya Farao. Diagne alipata Gosheni kwa ajili ya miji minne. Watu wengine wote walihesabiwa na kuandikwa kwa Farao.

Mwaka 1919 alikaa kiti cha mwenyekiti katika mkutano wa Pan-Afrika mjini Paris, pamoja na W. E. B. Du Bois wa Marekani, naye akanena kama aisemeaye Afrika yote. Mwaka 1920 alichaguliwa mara ya kwanza kuwa meya wa Dakar, na alipokufa alikuwa angali meya. Mwaka 1923 alipatana na nyumba za biashara za Bordeaux, zilezile zilizompinga hapo kwanza, zikaacha kumpiga vita naye akaacha kuzigusa. Nyumba hizo ndizo zilizonunua karanga za mkulima kwa bei waliyoipanga wao. Toka hapo uchaguzi wake ulikuwa na harufu. Rafiki yake wa zamani Galandou Diouf alimpinga mwaka 1928, na watu wengi walisema Serikali ilitia mkono katika hesabu.

Lililo baya kuliko yote lilikuwa Geneva. Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilikusanya mataifa ili yaafikiane kuikomesha shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, katika makoloni. Serikali ya Ufaransa iliona taabu, maana tangu mwaka 1926 ilikuwa na hila yake: vijana walioandikwa kwa jeshi lakini hawakuhitajiwa kushika bunduki walipelekwa kulima barabara, kuchimba mifereji na kujenga reli, kwa miaka, chini ya amri ya kijeshi. Waliwaita askari ili wasiitwe watumwa. Tena reli ya kutoka Pointe-Noire hata Brazzaville, iliyoanzwa mwaka 1921, ilikuwa ikila watu kwa maelfu katika misitu ya Mayombe. Mwandishi wa magazeti Albert Londres alikuwa amekwisha kuwatangazia Wafaransa habari hiyo mwaka 1929, wala hapana mtu mjini Paris aliyeweza kusema hajui. Basi ni nani atakayesimama mbele ya mataifa kuitetea desturi hii? Gavana Mzungu angaliona haya. Wakampeleka Diagne.

Naye akasimama akaitetea. Mtu aliyezaliwa Gorée aliwaambia wajumbe wa mataifa kwamba Ufaransa yajua kuwaongoza watu wake wa makoloni, wala haifai kufungwa kwa sheria za wageni. Kila aliyetaka kusema neno kinyume alitazama uso wake mweusi akasita: kama Mwafrika mwenyewe aridhika, mimi ni nani? Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya uso wake, na kwa ajili hiyo aliitwa. Ufaransa haikuuthibitisha mkataba ule mpaka mwaka 1937. Mwezi wa Januari 1931 Diagne alifanywa Naibu wa Waziri wa Makoloni, wa kwanza tena, akakaa kitini mpaka mwanzo wa mwaka uliofuata. Sisi wakaao vijijini twafahamu shokoa ni nini pasipo kufunguliwa kitabu. Kijana akichukuliwa wakati wa palizi, shamba humezwa na majani, mke hulima kwa mikono miwili panapotakiwa minne, na mwaka unaofuata hapana cha kupanda kwa kuwa mbegu zimeliwa.

Tutaambiwa: hayo yalikuwa mawazo ya zamani zile, kila mtu aliyafikiri. Si kila mtu. Huku kwetu Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliyekuwa mtu wa zamani zilezile, aliongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi katika vita mwaka 1916, akatembea nao kwa miguu. Vita vilipokwisha, Serikali ya Kenya ikataka wachifu wawasukume watu kwenda mashamba ya walowezi, na wakubwa wengine wa misheni wakatafuta maneno ya katikati. Weston alikataa, akachapisha kijitabu mwaka 1920 kilichowaita watu wa nchi hizi watwana wa Uingereza, akatukanwa kwa ajili hiyo. Na katika Senegal yenyewe alikuwako Lamine Senghor, askari aliyeumizwa mapafu kwa hewa ya sumu kule Ufaransa, aliyesimama shahidi upande wa gazeti katika kesi ya 1924, na miaka mitatu iliyombakia kabla ya kufa aliitumia kuwatetea walemavu weusi waliolipwa pungufu kuliko walemavu weupe. Alikuwa maskini, mgonjwa, hana ujumbe wala umeya.

Lakini hoja yetu kubwa ni nyingine. Mwaka 1945, baada ya Vita Kuu ya pili, Wafaransa waliruhusu baadhi ya watawaliwa, si wote, kuchagua wajumbe wao kwa daftari ya peke yake: wakuu wa mahali, watumishi, askari wa zamani na wengine wa namna hiyo. Katika Ivory Coast wakamchagua Félix Houphouët-Boigny. Tarehe 11 Aprili 1946 sheria yenye jina lake iliifuta shokoa katika makoloni yote ya Ufaransa. Haikutimia hata miezi sita tangu alipoingia Bungeni! Na tarehe 7 Mei 1946 Lamine Guèye, ambaye alikuwa meya wa Dakar na mjumbe wa Senegal, viti vilevile viwili vya Diagne, alipitisha sheria ya kuwafanya watawaliwa wote kuwa raia. Hatuwafanyi watu hao watakatifu. Houphouët-Boigny alikuwa na mashamba makubwa ya kahawa na kakao, na shokoa ilimnyang’anya vibarua kwa faida ya walowezi. Basi faida yake na ya mnyonge zilikwenda njia moja. Tena twampa Diagne haki yake: Houphouët-Boigny alisoma utabibu katika shule ile ya Dakar iliyotoka katika ahadi za mwaka 1918.

Ila neno laonekana wazi. Shokoa iliyotetewa na mtu wa kura za miji minne ilianguka katika majira moja ya mvua mara waliopigwa na shokoa walipopata kura, ingawa ni wachache wao. Si kwamba ngozi ya mjumbe ilibadilika. Waliobadilika ni waliomtuma. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba Diagne alikuwa mjumbe hodari wa Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar, twakubali, hata kwa kupiga makofi. Akituambia alikuwa sauti ya Afrika, twamwuliza ni kijiji gani cha Volta kilichompa sauti yake aende nayo Geneva.

Wala msituambie kwamba tuwaache wafu wapumzike. Diagne alikufa tarehe 11 Mei 1934 huko Cambo-les-Bains, Ufaransa, akiwa na heshima zake zote, naye amepumzika. Ahadi alizozichukua mkononi ndizo ambazo hazikupumzika. Tarehe 1 Desemba 1944 askari weusi waliorudi kutoka vifungoni mwa Wajerumani walidai mishahara yao katika kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar, wakapigwa risasi na jeshi walilolitumikia. Serikali ilitaja wafu 35, na watu wengi hawaisadiki hesabu hiyo. Mwaka 1959 Bunge la Ufaransa liliyagandisha malipo ya uzeeni ya askari wa makoloni yaliyokuwa yakipata uhuru, yasiongezeke hata bei za vitu zikiongezeka, na hayakusawazishwa na ya wenzao Wafaransa mpaka ilipoamuliwa mwaka 2006. Wakati huo walioitwa katika Vita Kuu ya kwanza walikuwa hawapo tena. Wa mwisho wao katika Senegal alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Thiowor, aliyechukuliwa tangu mwaka 1914 na kujeruhiwa vitani. Ufaransa ilikuwa imeamua kumpa nishani yake iliyo kubwa kuliko zote, na siku ikawekwa, tarehe 11 Novemba 1998. Akafa tarehe 10.